Nchi Iliyoacha Kusema Karibu

Kabla hujaanza kusoma, tuelewane. Mimi sijakukaribisha katika hadithi hii. Umekuja mwenyewe, kwa macho yako mwenyewe, na ukijikwaa kwenye sentensi ndefu ukaumia kidole, usije kunitafuta. Naona unashangaa, unajiuliza huyu kijana kafunzwa adabu na nani. Nimefunzwa na Serikali. Wala si hiyo yako, tulia. Ni ya nchi nyingine, iko mbali kabisa, na watu wake hawafanani hata kidogo na watu unaowajua. Ukiona wanafanana, hayo ni macho yako, na macho yako nayo sikuyakaribisha.

Katika nchi hiyo alikuwepo bawabu aitwaye Fikirini. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni pa Jumba la Wizara ya Majengo, Milango na Vitu Vilivyosimama, na kuwaambia watu karibu. Utasema hiyo nayo ni kazi? Basi hukuisikia karibu ya Fikirini. Wengine husema karibu kama mtu anayetema kokwa ya chungwa. Yeye aliivuta, "Kaaaribu!", ikatoka kifuani na joto lake kama kitumbua kinachotoka jikoni, na mtu aliyekuja kulalamika kwamba kiwanja chake kimeuzwa mara tatu akajikuta anatabasamu kabla hajakumbuka kilichomleta. Aliirithi kwa mama yake, aliyepika vitumbua barazani na kumkaribisha kila apitaye. Apitaye na punda, hukaribishwa na punda.

Sasa siku moja ukuta wa duka la vitambaa uliwaangukia wanawake watatu waliokuwa wanachagua kanga. Ukuta huo ulikuwa umeinama miaka miwili, na mwenye duka alikuwa ameufunika kwa tangazo la punguzo la bei. Nchi ikalia. Wabunge nao wakalia, tena kwa zamu, ili kila mmoja apigwe picha peke yake. Kisha likatokea jambo ambalo halijatokea tena hadi leo: wakapitisha sheria nzuri. Ilikuwa ya sentensi moja. *Mwenye jengo anayemkaribisha mtu ndani atawajibika kwa madhara yatakayompata mtu huyo humo.*

Watu wakashangilia. Wenye maduka wakaanza kupiga plasta, wenye migahawa wakakausha sakafu, wenye gesti wakakumbuka kwamba balkoni huhitaji vyuma. Kwa majuma mawili hivi nchi ile nusura iwe salama.

Juma la tatu, Wakili Mtanashati, mwanasheria wa Wizara, aliisoma sheria ile mara ya pili. Huyu alikuwa mtu wa tai tatu, moja shingoni na mbili mfukoni za akiba. Akaweka kidole juu ya neno moja.

"Waheshimiwa," akasema, "hapa pameandikwa *anayemkaribisha*. Je, asiyemkaribisha?"

Ukumbi ukapiga makofi dakika saba. Maana kuziba nyufa za Jumba la Wizara kulikadiriwa kuchukua miaka kumi na miwili, lakini kunyamaza kungeweza kuanza Jumatatu.

*

Jumatatu ikaanza. Mazulia ya mlangoni yaliyoandikwa KARIBU yakakusanywa nchi nzima, yakachomwa uwanja wa mpira, na Mheshimiwa Waziri akahutubia huku moshi ukimwingia puani.

"Ndugu wananchi! Ukarimu ni uzembe uliovaa kanzu! Leo unamwambia mtu karibu, kesho anakuletea mguu wake uliovunjika kama anayerudisha sufuria aliyoazima! Serikali inawapenda wageni, na kwa sababu inawapenda, haitawakaribisha popote!"

Wananchi walipiga makofi, lakini kwa mbali, maana hakuna aliyekuwa amewakaribisha uwanjani.

Kadi za harusi zikabadilika. Badala ya "unakaribishwa", zikaandikwa "unajulishwa kuwa siku ya Jumamosi kutakuwa na pilau mahali fulani". Mwenye duka mmoja alikuwa na kasuku aliyezoea kuita "Karibu mteja!" Wakaguzi wakamhoji yule kasuku saa mbili nzima, lakini kila mkaguzi aliyeingia chumbani alikaribishwa upya, na kesi ikazidi kuwa nzito. Akahukumiwa kufunikwa kitambaa maisha.

Fikirini, yeye, alipelekwa semina ya siku tatu. Siku ya kwanza walifundishwa kufumba mdomo. Siku ya pili walifundishwa maneno mapya ya mlangoni. Bawabu atauliza, "Umekuja mwenyewe?" Mgeni atajibu, "Nimekuja mwenyewe." Bawabu atasema, "Umeonekana." Basi. Siku ya tatu iliharibika kidogo, kwa sababu pilau ilipoandaliwa hakuna mkufunzi aliyethubutu kusema karibuni chakula. Washiriki arobaini walisimama wakiitazama ikipoa mpaka mwenyekiti alipotoa ufafanuzi kwamba pilau imeonekana.

Tulicheka wakati ule. Nami nilicheka. Lakini kulikuwa na jambo moja lisilochekesha, na Fikirini aliliona jioni akirudi nyumba za wafanyakazi nyuma ya Jumba. Unajua ilivyo kwetu, mtu akila na mwenzake akapita, lazima aambiwe karibu tule. Sasa watu, ili wasilazimike, walianza kula wametazama ukuta. Ukipita uchochoroni unaona migongo tu, migongo na viwiko vinavyopanda na kushuka. Hata mkewe, Zawena, aliyekuwa na mimba ya miezi sita, siku moja Fikirini alimkuta amegeuka na sahani yake.

"Kulikoni, mke wangu? Mimi ni mumeo."

"Nimezoea, baba," Zawena akasema bila kugeuka. "Umeonekana."

*

Ngazi za Jumba la Wizara zilikuwa na vipandio ishirini na viwili, na kipandio cha saba kilikuwa kibovu. Hilo lilikuwa linajulikana. Kilikuwa kimemeguka upande wa kulia, na kilichobaki kilicheza kama jino la mtoto. Makarani walikiruka bila kutazama. Ukimwona mtu anaruka kitu hewani hata akiwa njia tambarare, ulijua ni mtumishi wa Wizara.

Miaka mitatu kabla ya sheria, Fundi Kitwana, mwashi, alikuja pale kufuata hati, akajikwaa hapo. Fundi wa kweli hajui kukasirika na ngazi, humhurumia aliyeijenga. Akapima ule mmeguko kwa shibiri, akaenda kwake, akaandika barua. Alisema anao mchanga, na nusu mfuko wa saruji uliobaki kwenye kazi fulani, naye yuko tayari kukitengeneza kipandio hicho bure, asubuhi moja tu, kabla ya ofisi kufunguliwa.

Barua ikajibiwa baada ya miezi minane: *Barua yako imepokelewa na inafanyiwa kazi.* Akaandika ya pili. Ikajibiwa kwamba barua ya kwanza ingali kazini. Akaandika ya tatu, na hiyo ndiyo iliyofika baada ya sheria, mikononi mwa Wakili Mtanashati, ambaye aliona ndani yake jambo la hatari sana: raia ameweka kwa maandishi kwamba kipandio cha Serikali ni kibovu. Jibu likatoka siku hiyo hiyo. *Unatakiwa kufika bila kukosa kueleza sababu za tuhuma zako dhidi ya kipandio.*

Fundi Kitwana akafika. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi alishika mfuko wa kitambaa wenye mwiko wake wa kupigia plasta, maana alisema moyoni, huenda wakaniambia nianze leo leo. Akasimama kizingitini.

"Hodi!"

"Umekuja mwenyewe, mzee?" Fikirini akauliza kama alivyofundishwa.

"Sikukuuliza nimekuja na nani, mwanangu. Nimepiga hodi."

"Umeonekana."

"Najua nimeonekana, mimi si jini. Hodi!"

Fikirini akatazama juu, akatazama chini. "Mzee wangu, ingia tu. Siku hizi watu wote wanaingia tu."

"Wanaoingia tu ni mbuzi. Mimi nina miaka sitini na nane, sijaingia nyumba ya mtu bila kujibiwa. Hodi ni tatu. Ukinyamaziwa, unarudi kwako. Hiyo hawakuwafundisha semina?"

"Ukirudi watasema umekaidi wito wa Serikali."

"Waseme. Sasa hii ni ya tatu, ukikaa kimya naondoka zangu, na wala sikulaumu." Akavuta pumzi. "Hodi!"

Fikirini akafumba mdomo kama semina ilivyotaka. Mzee akangoja kidogo, kwa heshima, akatikisa kichwa, akageuka. Alikuwa amekwisha toa mguu mmoja barazani. Jua lilikuwa zuri. Kwake hakukuwa mbali. Angefika, angekunywa chai.

Na hapo Fikirini akamwona mama yake. Si kwa macho, kwa aibu. Akatazama kushoto na kulia, akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Kaaaribu, mzee wangu. Karibu sana."

Fundi Kitwana akageuka uso wote umefunguka. "Ahaa! Kumbe bado lipo! Mmelificha wapi siku zote?" Akampiga bega kwa furaha, akaingia.

Akapanda. Fikirini alimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. Wakati huo huo juu kukawa na kishindo cha viatu: Waziri anashuka na msafara wake kwenda kuzindua Wiki ya Usalama wa Mgeni. "Pisha! Pisha njia!" Na mtu wa adabu anapoambiwa apishe, hupisha. Fundi Kitwana akasogea kulia. Kulia ndiko kulikomeguka.

Mwiko ulishuka peke yake, kipandio kwa kipandio, ukilia kama kengele ya shule, ukaja kusimama miguuni pa Fikirini.

Waziri akamtazama mzee aliyelala chini, nyonga imekaa upande usio wake. Hakuuliza jina lake. Hakuuliza anaumwa wapi. Aliuliza, "Nani amemkaribisha huyu?"

Msafara wote ukamtazama bawabu. Na bawabu akafumba mdomo. Safari hii alikuwa amefaulu semina.

*

Hospitali nayo ilikuwa imekwisha jirekebisha. Dirisha lililokuwa la Mapokezi lilipakwa rangi upya, likaandikwa WALIOKUJA WENYEWE. Nesi akatoa fomu. Mgonjwa alitakiwa kutia sahihi kwamba amekuja kwa miguu yake.

"Nyonga imevunjika," Bi Mosi, mke wa fundi, akasema. "Miguu yake ataitoa wapi?"

"Basi ameletwa, mama. Na aliyeletwa lazima awe na aliyemkaribisha. Hilo ni dirisha jingine."

"Liko wapi?"

"Halijafunguliwa."

"Mwanangu, andika amekuja kwa miguu yangu mimi. Tumekaa pamoja miaka arobaini na moja, miguu tumechanganya."

Nesi alicheka kidogo, akafuta machozi, akasema fomu haina nafasi hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Katika hadithi hii nimetafuta mtu mbaya nimchape vizuri, sikumpata. Kila mmoja alikuwa na fomu tu.

Fundi Kitwana akakaa siku mbili kwenye benchi la nje. Siku ya pili homa ilipopanda alimwambia mkewe, "Lakini Mosi, yule kijana wa mlangoni alinikaribisha vizuri. Alinikaribisha kama watu. Usisahau kumshukuru." Siku ya tatu dirisha jingine likafunguliwa. Siku ya tisa akafa.

*

Bi Mosi alikwenda mahakamani bila wakili. Alivaa nguo zake za eda, akasimama, akaulizwa anadai nini.

"Kile kipandio kitengenezwe," akasema.

Wakili Mtanashati akatoa tai yake ya pili, akaivaa juu ya ile ya kwanza, ishara kwamba shauri ni zito. "Mheshimiwa Hakimu, mama huyu anaonekana mnyonge, lakini sikiliza anachokitaka! Kukitengeneza kipandio ni kukiri kwamba kilikuwa kibovu! Serikali ikikiri kipandio leo, kesho itaambiwa ikiri paa, keshokutwa daraja, na mwisho, Mungu aepushe mbali, shule!"

Watu barazani wakaguna.

"Aliitwa kwa barua," Bi Mosi akasema, akaitoa. "Bila kukosa, mmeandika. Asiyekosa ndiye huyo, hakukosa."

"Kuitwa si kukaribishwa, mama. Hata mshitakiwa huitwa. Hata mbwa huitwa. Swali mbele ya Mahakama ni moja tu: je, kuna mdomo wa Serikali uliotamka neno karibu?"

Basi ikabaki kwa Fikirini. Dunia nzima, barua zote tatu, nyonga na siku tisa, vyote vikaja kukaa juu ya ulimi wa bawabu mmoja.

Mchana wa siku moja kabla ya shauri, Wakili alikuwa amemkuta akifagia baraza, akamwekea mkono begani kama mjomba. "Fikirini, kwa sheria, mdomo uliokaribisha ndio unaowajibika. Kazi, basi. Nyumba ya wafanyakazi, basi. Mkeo ana miezi mingapi?"

"Minane."

"Minane," Wakili akarudia taratibu, kama anayeonja mchuzi. "Masika yanakuja."

Sasa Fikirini akapanda kizimbani. Bi Mosi alikuwa anamtazama, na ubaya wa macho yale ni kwamba hayakuwa na hasira hata chembe. Yalikuwa yanamtazama kama mtu aliyetumwa kumshukuru, hajapata nafasi.

"Ulimwambia nini marehemu?"

Karibu ilipanda. Alisikia inapanda, na joto lake, ikafika kooni, ikagonga meno. Akaona godoro lao nje, mvua juu yake.

"Nilimwambia... umeonekana."

Bi Mosi akainua mkono kama mwanafunzi. "Mheshimiwa, mume wangu hakuwa mtu wa kuingia nyumba isiyomjibu hodi. Hata kwa mwanawe wa kumzaa hakuwahi. Kama aliingia, alijibiwa, na mwenyewe aliniambia hivyo kabla hajafa."

"Hayo ni mazoea na maneno ya kusikia, mama, si ushahidi," Hakimu akasema kwa upole, na hukumu ikasomwa. Fundi Kitwana alikuja mwenyewe, akapanda mwenyewe, akaanguka mwenyewe, na kwa kadiri ushahidi unavyoonyesha, alikufa mwenyewe. Tena, kwa kuwa kipandio cha saba sasa ni kielelezo cha Mahakama, kihifadhiwe kama kilivyo, na yeyote atakayekitengeneza atashitakiwa kwa kuharibu ushahidi.

*

Fikirini akapandishwa cheo. Akawa Bawabu Mwandamizi wa Kutokaribisha, akapewa kofia yenye mdomo uliofumbwa umetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Watu walikuja kutoka mikoani kumwona anavyonyamaza. Alinyamaza kwa ufundi mkubwa, kwa kweli alikuwa hana jingine la kufanya. Kila alipofungua mdomo alisikia mwiko unashuka ngazi.

Zawena akajifungua alasiri moja, mtoto wa kike. Mkunga akamsafisha, akamfunga kanga, akamkabidhi baba yake. Fikirini akamtazama. Kile kijiuso kilichokunjamana kilikuwa kinangoja, kama vile kimepiga hodi miezi tisa kwa miguu na viwiko, na sasa kinataka kujua kimejibiwaje. Fikirini akavuta pumzi ya mama yake, ile ndefu. Akafungua mdomo.

"Umeonekana," akasema.

Mkunga akageukia ukuta, akajifanya anakunja vitambaa. Zawena, kitandani pale, akafumba macho, chozi likamtoka likaingia sikioni.

"Sema lile jingine, baba," akasema. "Mtoto huyu ana kosa gani?"

Fikirini akajaribu. Haki ya Mungu alijaribu. Mdomo ulijikunja, pumzi ikatoka, neno halikutoka. Lilikuwa limebaki kizimbani.

*

Siku ya arobaini ya Fundi Kitwana, Fikirini akaenda kwa Bi Mosi. Njiani alipanga hesabu yake: nitapiga hodi tatu, kwa nchi hii hakuna atakayejibu, nitarudi nyumbani nikiwa nimetimiza. Nyumba ilikuwa ya udongo na chokaa, kona zake zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Mlango ulikuwa wazi. Huo peke yake mtaa mzima.

"Hodi," akasema, polepole.

Kimya.

"Hodi."

Kimya. Moyo wake ukaanza kutua. Akanong'ona ya tatu kama anayeiba. "Hodi."

"Karibu!" sauti ikatoka ndani, na vyombo vikiwekwa chini. "Karibu mwanangu, nilikuwa nakosha mikono. Inua mguu hapo, kizingiti kiko juu. Marehemu kila siku alisema atakishusha kesho. Nyumba ya fundi hiyo."

Fikirini akainua mguu juu sana, kupita kiasi, kama anayevuka ukuta.

Ndani hapakuwa na kiti kilichobaki kizima. Bi Mosi akamwonyesha kitu kama jiwe la mviringo pembeni, limefunikwa mkeka. "Kaa hapo. Ni ule mfuko wa saruji aliokiwekea kipandio chenu. Umengoja majibu mpaka umeganda. Lakini kama kiti, hautikisiki."

Akakaa. Akapewa uji wa moto. Akaushika mikononi mpaka mikono ikaanza kuungua.

"Mama. Nilisema karibu."

"Najua. Aliniambia."

"Na mahakamani nikasema sikusema."

"Hilo nalo najua. Si nilikuwepo?" Akampokonya bakuli kabla halijamwagika. "Alinituma nikushukuru. Nimechelewa, nilikuwa na hasira. Nimekaa nayo siku arobaini. Sasa nakushukuru, lakini hasira haijaisha yote, usije ukadanganyika."

"Mama, nisingesema karibu, angerudi kwenu. Alishageuka. Nimemuua kwa karibu."

Bi Mosi akakung'uta kitu kisichoonekana kwenye goti lake.

"Hapana," akasema mwishowe. "Karibu yako ilikuwa nzima. Ilikatwa nusu. Umemsikia mtu anasema karibu hapa, halafu hasemi inua mguu? Mimi nimesema yote mawili, ndiyo maana umekaa hapo na meno yako yote."

*

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, Fikirini alivua kofia ya dhahabu akaitundika kwenye kitasa. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja na bahasha yake. Hakupiga hodi, hakuna aliyepiga tena. Alisema tu, "Nimekuja mwenyewe."

"Kaaaribu!" Fikirini akasema, na sauti ikapasuka katikati, ilikuwa na kutu. "Karibu, mama. Kipandio cha saba ni kibovu. Pita kushoto, shika ukuta."

Yule mama akadondosha bahasha. Akaiokota, akapanda, akapita kushoto, akafika. Akaja mwingine. "Kaaaribu! Cha saba kibovu, kushoto." Akaja mwingine. Mpaka saa sita mchana wakawa wameingia watu themanini na watatu, wengine hawakuwa na shida yoyote Wizarani, walikuja kusikia tu. Mzee mmoja alitoka, akazunguka, akaingia mara nne. Hakuanguka hata mmoja.

Hiyo ndiyo iliyoleta ugumu. Wakili Mtanashati alipekua sheria nzima akakuta kwamba mtu aliyekaribisha huwajibika kwa madhara, na hapakuwa na madhara. Akavaa tai ya tatu. Alasiri Fikirini akafukuzwa kazi na kufunguliwa shitaka jipya la kutoa siri ya Serikali kuhusu kipandio.

Naye alipofika mbele ya Hakimu akaomba kusahihisha ushahidi wake wa zamani. Akaambiwa haiwezekani, kwa sababu jalada la Fundi Kitwana limefungwa, na funguo zake ziko Wizarani, orofa ya juu, na afisa wa majalada aliteleza ngazini, amelazwa. Dhamana akapewa. Nyumba akanyang'anywa.

Kipandio cha saba kingalipo. Kimezungushiwa utepe mwekundu upande wa kushoto, ule mzima, ili watu wasiuchafue, na wanaopanda hupitia kulia.

Masika yalikuwa yameanza siku walipohama. Fikirini alibeba godoro kichwani, Zawena akabeba mtoto kifuani na sufuria mkononi. Mtaa mzima ulikuwa ndani unakula, umetazama ukuta. Wakapita migongo, migongo, migongo, mpaka wakafika kwenye mlango uliokuwa wazi.

Fikirini hakuwahi kumaliza hodi ya kwanza.

"Karibuni!" Bi Mosi akaita kutoka jikoni. "Karibuni ndani, mnanyeshewa! Inueni miguu!"

Akaja akijifuta mikono, akampokea Zawena mtoto ili avuke kizingiti vizuri. Akafunua kanga kidogo, akatazama kile kijiuso.

"Na wewe je, umeshakaribishwa?"

Zawena akamtazama mumewe. Godoro lilikuwa linatiririka maji kichwani mwa Fikirini. Akalitua chini, palepale kwenye matope. Akainama sikioni kwa mwanawe.

"Kaaaribu," akasema. Kisha akanyamaza, akatafuta ile nusu nyingine, akaipata. "Karibu, mama. Huku kubovu. Tutakushika mkono."